Klachi Haikati, Stata Haipigi: Lisikilize Gari Kabla Hujashika Spana

Pikapu iliingia gereji asubuhi imejaa machungwa ya Muheza mpaka juu ya mbao za ubavuni. Ni Kirikuu, zile pikapu ndogo ambazo hapa Tanga hubeba kila kitu, kuanzia nazi mpaka makochi ya harusi. Mwenye gari akashuka na hasira zake. "Fundi, hii ni kebo ya tatu ya klachi ndani ya miezi minne. Mnaniuzia kebo feki?"

Nikamwambia, "Mjomba, subiri kwanza. Piga stata nione."

Akapiga. Injini ikazunguka kwa kujivuta, kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Mimi nilikuwa nimeinama pembeni nachungulia chini, nikaona moshi mwembamba unatoka kwenye kebo ya klachi, pale ganda lake la plastiki linapopita karibu na bodi. Nikaigusa na kuutoa mkono haraka. Kebo ya klachi ilikuwa ya moto na gari halijatembea hata hatua moja.

Klachi ilikuwa nzima. Waya wa ethi, ule unaounganisha injini na bodi, ulikuwa umeoza ndani ya gamba lake. Umeme ukishaingia kwenye stata lazima urudi betri. Njia yake ilipokatika ukajitafutia njia nyingine ya chuma kati ya injini na bodi, ukaikuta kebo ya klachi. Vinyuzi vile vyembamba vikawa vinapitisha umeme uliotengewa waya mnene kama kidole. Grisi inakauka, ganda linayeyuka, kebo inaanza kunata, mwisho inakatika. Angeweza kununua ya nne na ya tano.

Naanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi huziona klachi na stata kama magonjwa mawili ya mafundi wawili, huyu wa giaboksi na yule wa umeme. Kumbe ni majirani wa ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ni flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa mwisho wa krenki, shafti kuu ya injini. Usoni mwake ndipo inapokaa klachi, inayounganisha injini na giaboksi na kuvitenganisha ukikanyaga pedali. Pembeni mwake kuna meno, na hayo ndiyo stata inayoyadaka ili kuizungusha injini. Ugonjwa wa mmoja mara nyingi humgusa mwenzake, kwa hiyo nitavieleza pamoja, kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe gari linapokuja.

Kabla ya kuanza

Tafuta tochi, mita ya kupimia umeme (hata ile ndogo ya bei rahisi inatosha), spana namba 10, 12 na 14, brashi ya waya au kipande cha msasa, na msaidizi wa kukaa kwenye usukani. Weka gari nyutro, vuta hendbreki, na zuia magurudumu kwa mawe au vipande vya tofali. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia. Kulishikilia gari ni kazi ya stendi.

Stata: anza kwa masikio

Kwanza, acha kusema "gari haliwaki". Neno hilo halimsaidii fundi. Kuna gari ambalo injini haizunguki, na kuna gari ambalo injini inazunguka vizuri ila haishiki moto. Ukipiga stata na injini ikazunguka kwa kasi yake ya kila siku, stata imeshamaliza kazi yake. Nenda katafute petroli, plagi, au ile taa ya ufunguo inayopepesa kwenye dashibodi kuonyesha kwamba gari halijautambua ufunguo. Nimeona stata nzima zikifunguliwa kwa sababu tangi ni tupu.

Kama injini haizunguki, washa taa kubwa za mbele, simamisha gari likitazama ukuta, kisha piga stata huku ukiangalia mwanga ukutani. Hiki ni kipimo cha bure na hakihitaji mita.

Taa zikififia sana au kuzimika, huku unasikia tak-tak-tak-tak za haraka, betri haina nguvu au nguvu yake inazuiwa njiani. Solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, umeme unaporomoka, inaachia, inavuta tena. Zile tak-tak ndizo hizo.

Taa zikibaki na mwanga wake uleule na husikii chochote, umeme haufiki kabisa kwenye stata. Mtuhumiwa hapo ni swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei (kiswichi kinachowashwa kwa umeme), ule waya mdogo wa solenoidi, au swichi ya pedali ya klachi ambayo nitaieleza mbele.

Taa zikibaki vizuri na ukasikia "tak" moja tu kila unapopiga, solenoidi inavuta lakini haipitishi umeme, au mota ya stata yenyewe imekufa.

Taa zikififia na ukasikia "dung" moja nzito, stata inasukuma kitu kinachokataa kuzunguka. Hapa usiendelee kupiga. Kama usiku uliopita ulipita kwenye maji ya mvua za masika, yale yanayotuama barabarani hadi kufika usawa wa bampa, huenda injini imevuta maji. Maji hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha, konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, zitapinda. Fungua plagi zote kwanza, kisha zungusha injini maji yatoke kwenye matundu.

Betri na chumvi ya bahari

Pima betri gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Kwenye 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12.0 imeisha hata kama redio inaimba. Redio ni mzigo mdogo sana ukiilinganisha na stata, ambayo kwenye gari dogo la petroli inakula ampea 100 hadi 200 kwa mkupuo. Ndiyo maana ule usemi wa "betri iko sawa, mbona honi inalia" haunishawishi.

Acha mita kwenye betri, mwambie msaidizi apige stata. Zikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati injini inazunguka, betri ni dhaifu. Gari likiwaka zinatakiwa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Zisipopanda, alteneta haichaji, na hata ununue betri mpya leo itakufa wiki hii hii.

Sasa twende kwenye jambo ambalo kwa sisi watu wa pwani ndilo chanzo cha nusu ya maneno haya ya "stata imekufa". Fungua boneti ya gari linalolala Raskazone au Sahare, jirani na bahari, kisha fungua ya gari linalolala Lushoto. Vichwa vya betri vitakusimulia. Upepo wa bahari unabeba chumvi na unyevu, na terminali zinaota unga mweupe au wa kijani. Unga huo haupitishi umeme vizuri. Taa itawaka, honi italia, lakini stata ikiomba ampea zake mia moja na zaidi, mlango umefungwa.

Kusafisha: fungua terminali ya hasi kwanza, halafu ya chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Koroga magadi kidogo kwenye maji ya vuguvugu, mwagia taratibu juu ya ule unga. Utachemka na kutoa povu kama bumunda kwenye mafuta ya moto, maana magadi yanaua asidi. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa ili maji hayo yasiingie ndani. Suuza, kausha, kisha sugua kwa msasa vichwa vya betri na ndani ya terminali mpaka risasi ing'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza, halafu paka grisi au mafuta ya mgando juu. Watu wengine hupaka grisi kabla ya kufunga. Mimi nafunga kwanza, risasi iguse risasi.

Kisha fuata waya wa ethi kwa mkono wako kutoka betri hadi bodi, na kutoka bodi hadi injini. Usiuamini kwa macho. Upinde. Waya mzima unakunjika laini. Uliooza unasikika ukikatikakatika ndani kama tambi kavu. Ukichana gamba kidogo, shaba yake imegeuka kijani.

Huna mita? Chukua waya mmoja wa kubustia, ule mnene wa kuazima umeme wa gari jingine. Bana upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. Piga stata. Injini iliyokuwa inajivuta ikizunguka kwa kasi ghafla, umepata ugonjwa: ni ethi. Hivi ndivyo nilivyomwonyesha yule mjomba wa machungwa. Alipopiga stata akatazama ule waya, akanitazama mimi, akauliza, "Ina maana zile kebo tatu..." Sentensi hakuimalizia.

Kama unayo mita, ipange kwenye volti 20. Ncha moja gusa kichwa chenyewe cha hasi cha betri, nyingine gusa chuma cha injini, msaidizi apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, njia ya ethi ni mbovu. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya: ncha moja kichwa cha betri, nyingine ile boliti kubwa ya waya mnene pale kwenye stata. Ili injini isiwake katikati ya kipimo, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta.

Umeme usipofika kabisa

Magari mengi ya manyuo yana swichi ndogo juu ya pedali ya klachi. Usipokanyaga mpaka chini, stata haipigi. Pedali ikilegea, kile kipira kinachobonyeza swichi kikidondoka, au kapeti la sakafuni likizuia pedali kufika mwisho, gari linakuwa bubu. Hapa majirani wetu wanakutana tena: klachi inayoshuka vibaya inakufanya uituhumu stata. Inama na tochi, bonyeza swichi kwa kidole huku mwenzako anapiga. Ikipiga, tatizo ni kipande cha plastiki.

Gari la otomatiki lina swichi ya namna hiyo kwenye gia. Jaribu kupiga ukiwa N badala ya P. Ikikubali kwenye N tu, swichi ya gia imechoka au imehama mahali pake.

Kama hapo pako sawa, pima ule waya mdogo wa solenoidi wakati msaidizi anapiga stata. Ukisoma volti zinazokaribia za betri na stata iko kimya, stata ndiyo mgonjwa. Usiposoma kitu, rudi nyuma kwenye rilei, fyuzi na swichi ya ufunguo. Rilei ni rahisi: mara nyingi kwenye sanduku la fyuzi kuna nyingine inayofanana nayo, kwa mfano ya honi. Zibadilishane ujaribu.

Stata yenyewe

Ile "tak" moja isiyozungusha kitu, kwenye Toyota nyingi zenye stata za Denso, huwa ni shaba mbili ndogo ndani ya solenoidi. Kila ukipiga stata, sahani ya shaba inagonga vipande hivyo ili kupitisha umeme mkubwa, na kila mara cheche inakula kidogo. Baada ya miaka, upande mmoja umeliwa hadi sahani haigusi sawasawa. Dalili yake unaijua: leo "tak" mara tatu, ya nne inawaka, mwezi ujao "tak" mara kumi. Fundi akikwambia ununue stata nzima, muulize kwanza kama shaba zimeangaliwa. Vipande hivyo vinauzwa peke yake, na hata pale visipopatikana mafundi wetu huvichonga.

Mwenzake ni kaboni. Hizi ni vipande vinavyosugua katikati ya mota, na zikiisha stata inakufa kwa vipindi. Ukiigonga taratibu kwa mpini wa nyundo wakati mwenzako anapiga, inaamka. Nasema taratibu. Stata nyingi za siku hizi zina sumaku zilizogandishwa ndani, na ukizitwanga zinapasuka. Kugonga ni kwa ajili ya kufika nyumbani leo. Kesho ifunguliwe.

Stata ikizunguka yenyewe kwa mlio mwembamba "wiiii" na injini imetulia, bendiksi imekufa: mota inazunguka lakini kijigia chake hakidaki meno ya flaiwili. Ikilia kama bati linalosagwa, meno ya kijigia au ya flaiwili yameliwa. Injini ikizimwa hupenda kusimama sehemu zilezile, hivyo meno ya sehemu hizo huliwa kuliko mengine. Hakikisha ufunguo umezimwa, tia gia ya juu, sukuma gari mbele kidogo flaiwili isogee, rudisha nyutro, kisha piga. Ikidaka vizuri baada ya hapo, ringi ya meno imeliwa, na haibadilishwi bila kushusha giaboksi. Kumbuka hili, litarudi.

Na usishikilie ufunguo. Sekunde 10 zinatosha, kisha ipumzishe angalau nusu dakika. Stata haina feni ya maana, inachemka mpaka waya zake zinaungua.

Kubusti nitakupitisha haraka. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho nyeusi kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Betri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka, na cheche ya mwisho ndiyo hatari. Usibusti gari dogo kutoka kwenye lori: malori mengi kama Fuso yana betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24, utaunguza kila kitu. Gari la manyuo unaweza kulisukuma: swichi wazi, gia namba mbili, klachi chini, likishika kasi achia klachi. La otomatiki usiwasumbue vijana wa watu, haliwaki kwa kusukumwa.

Klachi: jua kwanza ni ya kebo au ya mafuta

Kirikuu na magari mengi madogo ya zamani yana kebo. Hiace, Land Cruiser na wengine wengi wana mafuta: masta silinda juu, nyuma ya pedali, na silinda ya chini ubavuni mwa giaboksi. Fungua boneti. Ukiona kikopo kidogo cha pili karibu na kile cha mafuta ya breki, au kijibomba kinachotoka kwenye kikopo cha breki kuelekea upande wa pedali ya klachi, ni ya mafuta.

Halafu uliza swali moja: klachi haikati, au haishiki? Haya ni magonjwa mawili yanayopingana, na dawa ya moja huzidisha nyingine.

*Haikati.* Gia zinaingia kwa kukwaruza, rivasi inalia "krrr", au gari linasogea huku umekanyaga klachi. Kipimo: injini ikiwa inanguruma taratibu, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, tia rivasi. Inakwaruza? Zima injini, tia tena. Ikiingia laini kabisa, giaboksi ni nzima na klachi haikati.

Kwa ya mafuta, pampu pedali mara nne tano upesi kisha tia gia. Ikikubali, kuna upepo ndani ya mafuta au kuna mahali panavuja. Angalia kikopo. Inua kapeti chini ya pedali: ukikuta unyevu unaonata, masta silinda inavujia ndani. Nenda chini, vuta kidogo kile kipira cha silinda ya giaboksi: mafuta yakichuruzika, raba zimekufa. Raba hizi huuzwa kama kiti, na ikiwa ukuta wa silinda haujala kutu, kubadilisha raba kunatosha. Lakini pitisha kidole ndani. Ukihisi mikwaruzo au vishimo, raba mpya hazitamaliza mwezi.

Mafuta ni ya breki tu, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Usiongeze oili ya injini wala ya stelingi eti "kwa leo tu". Raba zitavimba kama mandazi na mfumo mzima utafunguliwa. Mafuta ya breki pia hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga haina upungufu wa unyevu, kwa hiyo yakibadilika rangi kuwa kama chai ya rangi iliyokolea yamwage. Kila miaka miwili ni utaratibu mzuri.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili:

1. Jaza kikopo. Kwenye kinyonyo cha silinda ya chini, kile kijinati cha kutolea upepo, chomeka mpira unaoonyesha ndani, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo.
2. Mwenzako akanyage taratibu mpaka chini, ashikilie, aseme "nimeshika".
3. Legeza kinyonyo robo mzunguko. Mapovu yatatoka. Funga, ndipo useme "achia". Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi wote.
4. Rudia mpaka mapovu yaishe, na kila baada ya mara nne tano ongeza kikopo. Kikikauka umeanza upya.

Mafuta haya yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwagia maji hapo hapo, yanababua.

Kwa ya kebo, angalia kama imevutika, imechanika nyuzi au inanata. Nati ya kurekebishia iko mwisho wa kebo, upande wa giaboksi. Sogeza pedali kwa vidole viwili na upime inasogea kiasi gani kabla ya kuwa nzito. Hiyo tunaiita frii plei. Toyota nyingi za klachi ya mafuta zinataka kati ya milimita 5 na 15. Za kebo mara nyingi zinataka zaidi, angalia kitabu cha gari. Ikizidi sana, klachi haikati. Ikiwa sifuri, klachi inakuwa kama imekanyagwa muda wote, na hapo unaingia ugonjwa wa pili.

*Haishiki, yaani inateleza.* Unapanda mlima, labda Mombo kwenda Lushoto na mzigo, injini inapiga kelele lakini gari haliongezi mwendo, na harufu kama ya nywele zilizoungua inaingia ndani. Kipimo: injini ikiwa ya moto, hendbreki juu na breki imekanyagwa, tia gia namba tatu, ongeza moto kidogo, achia klachi. Klachi ikiwa nzima, injini inazimika hapo hapo. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Fanya mara moja tu, kila jaribio linaunguza.

Kabla ya kushusha giaboksi rekebisha frii plei, maana kuna klachi zinazoteleza kwa kukosa nafasi hiyo tu. Isiposaidia, pleti, ile sahani ya klachi inayobanwa kwenye flaiwili, imeisha au imelowa oili. Na tuseme ukweli kuhusu madereva wetu: mguu unaopumzika juu ya pedali kutoka Kange mpaka Segera, na gari linaloshikiliwa mlimani kwa klachi badala ya hendbreki, ndivyo vinavyomaliza pleti.

Milio ni mepesi kutambua. Kelele ikija unapokanyaga pedali, ni beringi ya klachi. Kelele ikiwepo kwenye nyutro na ikaondoka ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya giaboksi. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, angalia maunti za injini, zile raba zinazoishikilia, kwanza kabla ya kuituhumu pleti.

Giaboksi ikishuka

Hapa ndipo pesa zinapotoka, na kazi kubwa ni kushusha na kupandisha. Kwa hiyo usikubali kubadilisha pleti peke yake. Badilisha seti: pleti, presha inayoibana, na beringi. Simama mwenyewe uangalie flaiwili. Ikiwa na madoa ya bluu au nyufa, ipelekwe kwa fundi wa kukereza, isipokuwa zile za vipande viwili zenye springi katikati, hizo hazikerezwi. Izungushe kwa mkono mzunguko mzima ukitazama meno ya stata. Ukikuta yameliwa, huu ndio wakati wake, vinginevyo baada ya miezi mitatu giaboksi itashuka tena kwa ajili ya ringi. Angalia sili ya nyuma ya krenki: ikiwa na oili, badilisha, la sivyo pleti mpya italowa kama ya zamani. Na kwa kuwa stata imeshafunguliwa, safisha vumbi jeusi la klachi lililoingia puani mwake, na uangalie shaba zake. Safisha pia mahali waya wa ethi unapofungwa, chuma kiguse chuma.

Wakati wa kufunga, pleti ina upande wake. Mara nyingi yenyewe imeandikwa upande wa flaiwili, na springi zinazochomoza hutazama giaboksi. Iwekwe katikati kwa kifaa chake, boliti za presha zikazwe kwa kupishana kidogo kidogo. Kilomita mia kadhaa za mwanzo usibebe mzigo mkubwa.

Klachi ikikufia njiani

Kebo imekatika Pongwe na gereji iko Mabawa. Kama gari lako halina swichi ya klachi, zima injini, tia gia namba moja, hakikisha mbele ni peupe, piga stata. Stata italisukuma gari na injini itawaka likiwa linatembea. Kupanda gia ya pili: achia moto, vuta gia nyutro kwa vidole, subiri mlio wa injini ushuke, isukume gia taratibu mpaka ijiingize yenyewe. Ukiilazimisha italia. Ukiona watu mbele au taa, toa gia mapema na ushike breki. Kila ukisimama utaanza tena kwa stata, nayo inaumia, kwa hiyo chagua njia yenye vituo vichache na usipite katikati ya Ngamiani saa za soko.

Ukifika, usiegeshe pua ikitazama ukuta wa gereji. Kurudi nyuma bila klachi kwenye uwanja uliojaa magari ya watu ni balaa jingine, na vijana wa kusukuma huwa wameshakwenda kunywa chai.